Sura ya Tisa: Pampu Iliyoacha Kulia

Hati ya kumkamata Belarmino Chiguay ilikuwa imeshapigwa chapa. Ilikosa sahihi moja tu, ya Inspekta Nolfa Oyarzo, naye alikuwa ameikunja mara nne na kuitia mfuko wa ndani wa koti, mahali pekee pakavu alipobaki napo tangu ashuke kwenye feri alfajiri. Kifo kwa uzembe. Miaka mitano, labda mitatu kama hakimu ameamka vizuri. Mkuu wake kule mjini Castro alimwambia kwenye simu kwamba kazi yenyewe ni ya nusu saa: ripoti ya mtaalamu wa bandari ipo, maiti imezikwa, kisiwa kizima kinamtaja mkosaji kwa jina. "Tia sahihi, mchukue, mrudi na feri ya saa kumi." Nolfa hakupenda kesi za nusu saa. Zilikuwa na tabia ya kumrudia.

Mvua ilikuwa imehamia kisiwa cha Tauquil tangu Jumanne, na leo ilikuwa Jumatatu. Watu hawakuizungumzia tena.

Habari yenyewe ilikuwa fupi na mbaya. Siku tisa nyuma boti ya Eladio Paillacar ilizimika injini katikati ya mlango wa bahari, maji yakikupwa kwa kasi. Mkondo uliichukua ukaibamiza miambani, na Eladio, mwanamume wa miaka arobaini na minne mwenye mabinti wawili, alikutwa kesho yake amenasa kwenye kamba za kufugia kome. Injini ilizimika kwa sababu ilichemka. Ilichemka kwa sababu pampu ya maji ya kupoozea iliganda. Na pampu hiyo ilikuwa imefufuliwa na Belarmino, siku ishirini na nne kabla ya ajali, kwa vipuri vya basi.

"Vipuri vya gari la nchi kavu visivyofaa chombo cha majini," iliandika ripoti ya mtaalamu, na mtaalamu akapanda boti yake akaenda zake.

Karakana ya Belarmino ilikuwa zamani ghala la viazi. Fundi alikuwa na miaka sitini na mmoja, mfupi, kofia ya sufu imemfika kwenye nyusi, miwani imeungwa kwa waya wa shaba. Injini zake zilipangwa safi, spana zimening'inia kwa ukubwa. Vitu vya mbao ndiyo vilikuwa na shida: meza iliyumba, rafu iliinama, mlango ulifungwa kwa kamba.

"Karibu ukae, Afande. Ila kiti hicho kuwa nacho mwangalifu, nimekitengeneza mwenyewe."

"Kinaonekana," alijibu Nolfa, akabaki amesimama.

Aliweka mezani mfuko wa ushahidi wenye pampu, na kando yake chupa ya jamu iliyojaa maji ya kijani. Akatazama saa. Aliandika daftarini: saa nne na dakika kumi, lakiri haijaguswa.

"Sikia, fundi. Mimi nitafungua, wewe utaeleza. Mikono yako nyuma. Ukigusa hata nati moja, hatutangoja feri, nakuogelesha mpaka Castro."

"Afande anajua kufungua pampu?"

"Baba yangu aliendesha basi la Ancud miaka thelathini. Lilikuwa linakufa kila wiki. Hesabu za darasa la nne nilizifanyia chini ya lile basi."

Kwa mara ya kwanza fundi alitabasamu, kidogo, akarudisha mikono nyuma.

Pampu ilikuwa ya shaba, nzito, imepakwa rangi ya kijani iliyokolea. Nolfa alikata lakiri na kuigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Rangi hii umepaka wewe?"

"Mimi shaba siipaki rangi. Itakuwa Eladio. Alitaka boti ing'ae mpaka matumbo."

"Haya, nianzie mwanzo. Ya kwako humu ni nini?"

"Mwili ni wa pampu ile ile ya zamani. Beringi, sili na feni ya ndani nimetoa kwenye basi. Shafti nimeikereza hapa mwenyewe ili vikae."

"Kwa nini basi?"

"Kwa sababu basi hupita hapa, Afande. Meli ya vipuri haipiti. Pampu mpya inatoka ng'ambo, miezi miwili, na kome hawangoji miezi miwili. Nusu ya boti za kisiwa hiki zina kitu cha basi tumboni. Mtaalamu wako aliyeandika ile ripoti alikuja na boti yenye mkanda wa lori. Nilimfungia mimi, mwaka juzi."

"Ripoti inasema sili ya gari haiiwezi chumvi."

"Kweli haiiwezi! Hapo hajakosea. Lakini chumvi itoke wapi?" Sauti ilimpanda. "Injini ya Eladio inazungusha maji yake yenyewe, matamu, yana dawa, yanapita kwenye mabomba chini ya boti yanapoa, yanarudi. Kama rejeta ya basi, tofauti ni bahari badala ya upepo. Tone la bahari haliigusi pampu hii."

Nolfa aliitazama chupa ya jamu. Asubuhi, maji yalipokupwa na boti ikabaki imelala ubavu kwenye kokoto, alikuwa ameingia ndani kwa magoti, akafungua koki ndogo ya injini na kukinga kilichotoka. Kijani safi chenye dawa. Boti ilikuwa imezama siku mbili, na bado chumvi haikuwa imefika huko. Alikata mstari wa kwanza wa ripoti kwa kalamu nyekundu.

"La pili. Inasema feni ya basi inazunguka kinyume, kwa hiyo maji hayasukumwi."

"Mabasi mapya, ndiyo. Hii ni ya basi la zamani, la mkanda mwembamba. Angalia mapanga yake yamepinda kuelekea wapi. Halafu, Afande, pampu inayozunguka kinyume inachemsha injini saa ya kwanza. Hii imefanya kazi siku ishirini na nne."

Nolfa alikuwa ameshaliona hilo. Alilolitaka lilikuwa kumwona fundi akijibu, na fundi alijibu kama mtu mwenye haki, anayekasirika mahali panapostahili. Alikata mstari wa pili. Halafu akashika spana, akafungua.

Feni ilitoka. Nyuma yake sili: vipete viwili vinavyosuguana, kazi yake kuzuia maji yasifuate shafti. Nolfa alivifuta kwa kitambaa. Vilikuwa vinang'aa, havina mkwaruzo hata mmoja.

"Ile pale!" alisema Belarmino. "Nilisema mimi. Sili nzima! Andika hapo kwamba sili nzima."

"Naandika."

Kisha beringi. Haikutaka kutoka, ikabidi aigonge. Ilipotoka ilimwaga tope la kahawia juu ya gazeti: grisi iliyogeuka uji, gololi zimeliwa na kutu. Hii ndiyo iliyoganda. Hii ndiyo iliyomuua Eladio.

Nolfa alivitazama vile vitu viwili mezani. Sili nzima, beringi imeoza kwa maji. Maji yamepita wapi?

"Fundi, sili mpya huvuja?"

"Kidogo, siku za mwanzo. Mpaka vipete vizoeane. Ndiyo maana kila pampu ina tundu la machozi hapa chini, katikati ya sili na beringi. Yale matone yanatoka nje, beringi inabaki kavu. Nilimwambia Eladio: iache ilie, wiki moja hivi, itanyamaza yenyewe. Na kweli, siku ya tano alinipigia simu. 'Fundi, imeacha kulia, kama ulivyosema.' Nilifurahi kweli, Afande."

"Nionyeshe tundu."

"Hapo chini, upande wa..."

Hakumaliza. Nolfa alikuwa ameugeuza mwili wa pampu na kupitisha kidole mara mbili pasipo kuona kitu. Alichukua kisu, akakwangua rangi. Chini ya rangi kulikuwa na kiduara cheusi, laini, kimekatwa sawasawa na shaba. Alikichokoa taratibu kwa sindano ya kuzibulia mabomba, kikatoka kizima.

Kilikuwa kizibo cha mti. Kirefu kama ukucha wa kidole gumba, kinene juu na chembamba chini, kimeviringishwa nyuzi za gome la mti wa alerce, zile zile wanazotia kalafati kati ya mbao za boti. Mti wenyewe ulikuwa luma. Nolfa aliujua, virungu vya polisi wa zamani vilichongwa kwa luma, na mzee mmoja kituoni bado anacho chake.

Kumbe imekuwa hivi. Tundu limezibwa, matone ya sili mpya yamekosa njia, yamejaa, yameingia kwenye beringi, na wiki mbili na zaidi zikatosha.

Alimwinulia macho fundi. Belarmino alikuwa amevua miwani. Uso wake wote uliokuwa ukibishana ulikuwa umezimika.

"Ni wewe uliyeziba?"

Fundi aliiweka miwani mezani.

"Ndiyo," alisema. "Mimi. Andika."

Nolfa hakuandika.

"Uliziba lini?"

"Siku niliyoifunga."

"Na siku ya tano Eladio alikupigia simu kusema imeacha kulia. Iliyozibwa siku ya kwanza ingelia vipi siku nne?"

"Basi nilikwenda baadaye."

"Ulikichonga kwa kifaa gani?"

"Kisu."

"Kina pembe ngapi?"

"Pembe? Ni cha duara."

Nolfa alikuwa amekifumba kiganjani. Alikifumbua chini ya pua ya fundi. "Nane. Kimechongwa pembe nane ili king'ate vizuri na kisizunguke. Wewe huwezi kutengeneza kiti, Belarmino. Nani kakichonga?"

"Nimesema mimi."

"Kusema uongo kwa polisi nako kuna kifungo."

"Basi uongeze juu ya hicho kingine."

Hasira ilimpanda Nolfa, kisha ikashuka yenyewe, kwa sababu alishajua. Kisiwani kulikuwa na mtu mmoja tu aliyekuwa bado anaunda boti kwa vizibo vya luma vyenye pembe nane. Mtu huyo aliiunda boti ya Eladio kuanzia mkuku. Maisha yake yote alipoona tundu linalotoa maji, alifanya jambo moja. Na ndiye aliyeandika barua kwa mwendesha mashtaka, kwa mkono wake, akitaka Belarmino afungwe.

"Mzee Arístides," alisema Nolfa. "Baba yake Eladio."

Belarmino alivaa miwani, waya ukakataa kushika sikio. "Ana miaka themanini na mmoja. Mke alizika mwaka jana, mwana amezika wiki iliyopita. Jela mimi nitatoka, Afande. Yeye ukimwambia hili, atatoka wapi?"

"Na mkeo wewe? Na hiyo karakana?"

"Mke wangu anajua kufunga beringi kuliko mimi."

"Sicheki."

"Wala mimi sikuchekeshi," alisema fundi, machozi yakamtoka wazi, naye hakuyafuta.

Nolfa alifunga vitu vyote mifukoni, kimoja kimoja, akaandika namba. Kizibo alikipa mfuko wa peke yake. Saa sita kasoro. Hati ilikuwa bado mfukoni mwa koti, na ungamo la uongo lilikuwa linangoja kuandikwa chini yake. Mkuu angefurahi. Kisiwa kingefurahi. Hata mfungwa angefurahi. Ni yeye tu ambaye angejua na asifurahi.

"Leo ni sala ya tisa ya kumwombea Eladio," alisema Belarmino. "Nimekwenda zote nane. Naomba niende na hii, halafu tupande feri."

"Tunaenda wote."

Nyumba ya Paillacar ilijaa mpaka jikoni. Sala ya mwisho ilikuwa imekwisha na watu walikuwa wanakula, kwa kuwa aliyekuja kumwombea marehemu halali njaa, hata awe nani. Zunilda, mjane wa Eladio, alimkabidhi Belarmino sahani ya kome na milcao, vile vitumbua vya viazi, bila kumtazama. Kwa siku tisa alikuwa amemlisha hivyo. Kwa siku tisa hakuna mtu ndani ya nyumba ile aliyekuwa amemsemesha, na yeye alikuwa akila amesimama karibu na rundo la kuni, anashukuru, anakwenda.

"Kula, Afande," alisema Zunilda. "Hapa hatuulizwi maswali na mtu mwenye njaa."

Mzee Arístides Paillacar alikaa karibu na jiko, mikono juu ya magoti. Ilikuwa mikono mikubwa isiyolingana na kilichobaki cha mwili. Alimtazama Nolfa, kisha fundi, kisha Nolfa.

"Umekuja kumchukua?"

"Nimekuja kuuliza, mzee. Tutoke kidogo ukumbini, mimi na wewe."

"Kwa nini nitoke? Mwanangu hakufa kwa siri. Uliza hapa."

"Ningependa tuwe wawili."

"Na mimi napenda wasikie. Uliza!"

Vijiko vilisimama. Kulikuwa na wanaume kama thelathini mle ndani, wote wa baharini, wote wenye injini. Nolfa alitafuta swali dogo kuliko yote, lile ambalo mtu asiye na kitu angelijibu kwa neno moja na mambo yakaishia hapo. Alijua pia kwamba lilikuwa swali la kumuuma muunda boti. Aliliuliza akijua, na akajichukia akiliuliza.

"Boti ya Eladio, siku zile za mwisho, ilikuwa inavuja?"

Mzee alinyanyuka nusu.

"Boti yangu? Inavuja? Binti, mimi nimeunda boti arobaini na tatu! Kila Jumapili nilikuwa naingia ile boti na taa, naikagua toka omo mpaka tezi. Ndani palikuwa pakavu kama hapa jikoni! Kitu kilichokuwa kinavuja humo kilikuwa kimoja tu, na ni cha huyo." Alimnyoshea Belarmino kidole, naye akafumba macho. "Lile limashine lake la mabasi! Siku nne nzima linatiririka chini, tone, tone, kwenye sakafu yangu. Eladio ananiambia, 'Achana nalo, baba, fundi kasema.' Fundi kasema! Fundi gani anatoboa tundu halafu analiacha wazi? Jumapili nikamaliza mimi. Nikachonga kizibo cha luma, nikakipigilia, nikalipaka rangi lote, wala Eladio hakujua kama kuna kizibo. Mpaka leo kiko pale, sidhani kama kimetoa hata tone. Hiyo ndiyo kazi yake huyu, Afande. Mimi mzee wa miaka themanini na mmoja ndiye wa kumzibia matundu yake! Andika hivyo!"

Mwanamume mmoja karibu na dirisha aliweka sahani yake juu ya kiti, taratibu mno. Mwingine aliinamisha kichwa. Zunilda alikuwa amesimama katikati ya chumba na sufuria mkononi, na polepole akakaa kwenye benchi, sufuria mapajani, akamtazama baba mkwe wake.

Nolfa alitoa daftari. Ilikuwa kazi yake. Aliandika jina la mzee, saa, na maneno aliyoyasema.

"Nini?" alisema mzee. "Mnaniangalia nini?"

Aliwapitia mmoja mmoja, watu aliowaundia boti, na kila mmoja alikwepesha macho. Mwishowe macho yake yalifika kwenye rundo la kuni, kwa mtu mmoja aliyekuwa bado anamtazama.

Mzee hakuwa amemtamkia mtu huyo neno kwa siku tisa.

"Belarmino," alisema, na sauti ilikuwa imeshuka sana. "Lile tundu lilikuwa la nini?"

Fundi alimgeukia Inspekta. Alikuwa anaomba, bila kufungua kinywa, ruhusa ya kusema uongo mara moja tena. Nolfa alitikisa kichwa kukataa.

"La kutolea maji, mzee," alisema Belarmino.